Suluhu ya Aceh na Haki ya Wenye Damu

 

Kila inapozuka habari ya watu walioshika silaha kutaka kujitenga na dola yao, hasa wakiwa ni Waislamu, mfano unaotajwa sana na wahadhiri na waandishi wetu ni ule wa Aceh, nchini Indonesia. Tumewasikia wakiutaja kwa namna mbili. Kundi la kwanza linasema kuwa mkataba uliotiwa saini Helsinki, Finland, tarehe 15 Agosti 2005 ni aibu kwa Waislamu, kwani ndugu wawili waliokuwa wakipigana walikwenda kupatanishwa na mtu asiyekuwa Muislamu, katika mji wa Ulaya, na mwisho wakakaguliwa na maofisa wa Ulaya. Kundi la pili linasema kinyume chake: kwamba Aceh ni somo lililokwisha, diplomasia imemaliza kazi yake, na lililobaki kwa wengine ni kuiga tu.

Sisi tunaona kauli ya kwanza ina upungufu katika kuijua sira, na ya pili ina upungufu katika kuijua fiqhi. Tutazijadili zote mbili. Lakini hatufichi kwamba ya pili ndiyo inayotushughulisha zaidi, maana inapendeza masikioni, wenye kuisema ni watu wema, na ndani yake wamesahauliwa watu ambao deni lao halijalipwa.

Ugomvi ulivyoanza

Aceh iko kwenye ncha ya kaskazini ya kisiwa cha Sumatra. Watu wa huko waliiita Ukumbi wa Makka, kwa kuwa mahujaji wa visiwa vile walikuwa wakiondokea hapo. Msomaji wa pwani yetu asiione kuwa ni nchi ya mbali sana. Madhehebu yao ni ya Imam Shafi'i kama yetu, Minhaj ya Imam Nawawi imesomeshwa kwao kama ilivyosomeshwa Lamu na Unguja, na masharifu wa Hadhramaut walifika huko kama walivyofika huku. Hata msiba wa asubuhi ya tarehe 26 Desemba 2004, wimbi lile lililochukua zaidi ya watu 160,000 wa Aceh kwa kufa au kupotea, lilivuka bahari siku ileile likaua watu Somalia na kufika katika fukwe za Kenya na Tanzania.

Waholanzi walianza vita vya kuiteka Aceh mwaka 1873, na masheikh wa huko waliwapiga kwa miaka mingi. Indonesia ilipotangaza uhuru mwaka 1945, watu wa Aceh walisimama upande wa jamhuri mpya kwa mali na nafsi. Mwaka 1948 walichanga fedha zikanunua ndege kwa ajili ya serikali changa ya Sukarno. Tunalitaja hilo kwa sababu wako wanaodhani watu hawa walikuwa maadui wa Indonesia tangu mwanzo. Sivyo. Walikuwa wachangiaji wake, na ndiyo maana uchungu wao ulipokuja ulikuwa uchungu wa aliyesalitiwa.

Usaliti waliouona ulikuwa kuunganishwa kwao na jimbo la Sumatra Kaskazini mwanzoni mwa miaka ya 1950, wakati walikuwa wametarajia kujiendeshea mambo yao na dini yao. Teungku Daud Beureueh, mwanachuoni aliyekuwa kiongozi wao mkubwa, aliinuka na silaha Septemba 1953. Mwaka 1959 serikali iliahidi Aceh hadhi maalumu katika dini, mila na elimu, na mwaka 1962 Teungku akashuka kutoka milimani. Ahadi ile ilibaki zaidi katika karatasi. Kisha mwaka 1971 ikagunduliwa gesi nyingi huko Arun, na pato lake likawa linakwenda Jakarta. Tarehe 4 Desemba 1976 Hasan di Tiro, wa ukoo wa mashujaa waliopigana na Waholanzi, alitangaza Harakati ya Aceh Huru, maarufu kwa jina la GAM. Safari hii hakikutakiwa kitu kingine ila kujitenga. Tangu hapo mpaka 2005, idadi ya waliouawa inayotajwa sana ni watu 15,000, na wengi wao walikuwa raia.

Kuna jambo moja hapa ambalo wahadhiri wetu hulipotosha bila kukusudia. Husema kuwa watu wa GAM walipigania sharia. Ukweli ni kuwa sharia ilitolewa na Jakarta, kwa sheria ya mwaka 1999 na ile ya mwaka 2001, kwa matumaini kwamba watu wakipewa mahakama za sharia wataacha kudai mengine. Viongozi wa GAM walisema wazi kuwa hilo silo walilokuwa wakililia, na mkataba wa Helsinki wenyewe haukutaja sharia hata mara moja. Walikuwa wakilia dhulma: mali yao iliyochukuliwa na watu wao waliouawa. Mtu anayekudai kondoo ukampa msahafu, umempa kitu kitukufu kuliko kondoo, lakini deni lake lipo palepale.

Hukumu ya waasi na mjumbe mwaminifu

Fuqahaa wetu hawakuliacha suala hili bila mlango wake. Waasi (bughat) katika madhehebu ya Shafi'i si majambazi wala si makafiri. Ni Waislamu wanaomkhalifu mtawala wakiwa na nguvu, wakiwa na kiongozi wanayemtii, na wakiwa na taawili, yaani hoja wanayoiona ni ya haki hata kama imekosewa. GAM walikuwa na yote matatu. Na hukumu ya kwanza anayowekewa mtawala si kuwapiga. Imam Nawawi ameeleza katika Minhaj kwamba haijuzu kuwapiga vita mpaka mtawala awapelekee mtu mwaminifu, mwerevu, mwenye nasaha, awaulize wanachokichukia. Wakitaja dhulma, aiondoe. Wakitaja shubha, aifafanue. Hata baada ya hapo, wakishupaa na vita vikatokea, aliyekimbia hafuatwi, aliyejeruhiwa hamaliziwi, na mateka hauawi.

Asili ya hukumu hii ni kitendo cha Sayyidna Ali (R.A.). Walipojitenga Khawarij wakaweka kambi Harura, alimtuma kwao Ibn Abbas (R.A.), akajadiliana nao kwa hoja za Qur'ani, na maelfu wakarejea. Waliobaki hakuwazuilia misikiti wala fungu lao la mali, wala hakuwaanza kwa vita mpaka walipomwaga damu.

Sasa tuulize: Jakarta ilimtuma nani Aceh? Kuanzia takriban mwaka 1989 mpaka Agosti 1998 Aceh iliwekwa chini ya operesheni ya kijeshi. Aliyetumwa kuwauliza watu wanachokichukia alikuwa askari, na mahali pa kuulizia palikuwa nyumba kama ile ya Rumoh Geudong, wilaya ya Pidie, nyumba ya mbao ya kiungwana ambayo jeshi liliifanya kituo cha kutesea. Tutarudi kwenye nyumba hiyo.

Jambo la kushangaza zaidi ni hili. Katika miaka hiyohiyo, Indonesia ilikuwa mwenyekiti wa kamati ya mawaziri ya Jumuiya ya Nchi za Kiislamu iliyokuwa ikiwapatanisha Waislamu wa Moro na serikali ya Ufilipino. Mazungumzo yalifanyika katika ardhi yake mwaka 1993, na mkataba ukakamilika na kutiwa saini Manila tarehe 2 Septemba 1996. Kazi ile ilikuwa njema, na ilikuwa na msingi katika Qur'ani, kwani aya ya 72 ya Suratul Anfal imewajibisha kuwanusuru Waislamu wanaoomba nusra katika dini, isipokuwa dhidi ya watu wenye ahadi nanyi, na nchi za Kiislamu zilikuwa na ahadi za kibalozi na Manila. Njia iliyobaki ilikuwa usuluhishi. Lakini dola iliyokuwa hodari kumshauri jirani asikilize kilio cha Waislamu wake ilikuwa haitaki kusikia mtu wa nje akitaja Aceh. Na hii si tabia ya Indonesia peke yake. Thailand ilitoa maofisa kwenda kusimamia amani ya Aceh mwaka 2005, chini ya mwaka mmoja tangu Waislamu 78 wafe kwa kukosa hewa baada ya kurundikwa katika malori ya jeshi huko Tak Bai, kusini mwa nchi hiyo, Oktoba 2004. Nchi nyingi hupenda usuluhishi wa kimataifa, mradi uwe katika nyumba ya mwingine.

Je, inajuzu mpatanishi asiyekuwa Muislamu?

Aliyevunja mwiko wa Jakarta alikuwa mwanachuoni, Abdurrahman Wahid, kiongozi wa Nahdlatul Ulama aliyekuwa Rais mwaka 1999. Aliruhusu taasisi ya Uswisi, kituo cha Henry Dunant, kuzikutanisha pande mbili, na mwezi Mei 2000 zikakubaliana kusitisha mapigano kwa ajili ya misaada. Tarehe 9 Desemba 2002 ukafuata mkataba mwingine wa kusitisha uhasama, nao ukafa Mei 2003 ilipotangazwa hali ya kijeshi. Sababu ya kufa kwake ni rahisi kuieleza: uliwataka watu waache kupigana kabla hawajakubaliana walichokuwa wakipigania, na wasimamizi wake walikuwa wachache na hawakuwa na uzito mbele ya majenerali wala mbele ya makamanda wa msituni.

Baada ya wimbi la tsunami, Martti Ahtisaari, aliyewahi kuwa Rais wa Finland, aliwakutanisha mara tano kati ya Januari na Julai 2005. (Tusiseme tsunami peke yake ndiyo iliyoleta amani. Makamu wa Rais Jusuf Kalla alikuwa ameshatuma watu wake kuitafuta GAM kabla ya wimbi, na Sri Lanka ilipigwa na wimbi hilohilo lakini vita vyake vikaendelea mpaka 2009.) Yeye aliweka sharti kuwa hakuna kipengele kitakachohesabiwa kimekubaliwa mpaka yote yakubaliwe. GAM waliacha dai la kujitenga. Serikali ilikubali Aceh ijitawale katika mambo yake, iwe na vyama vyake vya siasa, na ibaki na asilimia 70 ya pato la mafuta na gesi yake. GAM wakabidhi silaha 840, nayo serikali iondoe askari wa ziada wabaki 14,700 wa jeshi na 9,100 wa polisi. Silaha zilikabidhiwa kwa awamu nne, na kila awamu ilikwenda sambamba na kuondoka kwa askari. Ilipofika mwisho wa Desemba 2005 kazi hiyo ilikuwa imekwisha.

Wasimamizi walikuwa Umoja wa Ulaya pamoja na Norway, Uswisi na nchi tano za jirani, zikiwamo Malaysia na Brunei. Mkuu wao, Pieter Feith, alikuwa Mholanzi. Tunakiri kwamba hata sisi tulipolisoma jina hilo mara ya kwanza tuliwakumbuka masheikh wa mwaka 1873.

Wanaopinga hutoa aya ya 141 ya Suratun Nisaa, kwamba Mwenyezi Mungu hatawapa makafiri njia ya kuwashinda Waumini. Aya ni ya haki, ila mahali pake si hapa. Mpatanishi hana njia juu ya mtu. Hahukumu wala halazimishi. Anachukua maneno ya huyu kwenda kwa yule. Na hilo Mtume (S.A.W.) amelikubali. Hudaibiya, aliyekuja kwanza kuchukua maneno baina yake na Maquraishi alikuwa Budail bin Warqa, mtu wa Khuzaa, na kauli inayojulikana zaidi ni kuwa wakati huo hakuwa amesilimu. Khuzaa walikuwa watu wanaoaminika na Mtume kwa siri na nasaha, Waislamu wao na washirikina wao. Alipohama kutoka Makka, njia aliongozwa na Abdullah bin Uraiqit, ambaye alikuwa katika dini ya watu wake, na roho mbili tukufu kuliko zote zilikuwa mikononi mwake. Kilichoangaliwa kilikuwa uaminifu wake na ujuzi wake wa kazi aliyopewa.

Rudi sasa kwenye sifa tatu za Imam Nawawi: mwaminifu, mwerevu, mwenye nasaha. Uaminifu hauna maana kama anayeuona ni mtumaji peke yake. Ni lazima na anayetumiwa amwamini, la sivyo hatasema kinachomuumiza. Baada ya miaka ile ya operesheni, ni mjumbe gani kutoka Jakarta ambaye mtu wa Pidie angemfungulia moyo? Na ni mjumbe gani wa nchi ya Kiislamu aliyejitokeza, wakati dola zetu zimezoea kutosemana? Aibu ipo, hatuikatai, lakini haimhusu Mfini. Inawahusu waliokuwa na jukumu kabla yake, kwa aya ya 9 na ya 10 ya Suratul Hujuraat, ambazo zimewaamrisha Waumini, si watu wengine, wasuluhishe pale makundi mawili ya Waumini yanapopigana.

Hata hivyo kuna kipengele ambacho wanaoutetea mkataba hukipita haraka, nacho tunaona haki kukitaja. Helsinki haikubaki katika upatanishi tu. Uliandikwa pia kwamba ukitokea mgogoro katika utekelezaji, mkuu wa wasimamizi atatoa uamuzi, na uamuzi huo utazifunga pande zote mbili. Huo umevuka mpaka wa suluhu ukaingia katika tahkimu, na katika madhehebu yetu anayehukumu baina ya Waislamu anatakiwa awe na sifa za kadhi, Uislamu ukiwa mojawapo. Jibu tunaloliona kuwa karibu na haki ni kuangalia ni nini hasa kilichokuwa kikiamuliwa. Bunduki hii ni nzima au ni chuma kibovu? Kikosi hiki kimeondoka au hakikuondoka? Wasimamizi walizikataa baadhi ya silaha za GAM kwa sababu hazikufikia kiwango. Hayo ni maneno ya mjuzi katika fani yake, kama wanavyokubali baadhi ya wanazuoni kauli ya tabibu asiyekuwa Muislamu anayeaminika kuwa maradhi haya yanamdhuru mwenye kufunga. Lau uamuzi ule ungegusa mirathi, ndoa au kisasi, tungeukataa bila kusita. Haukugusa hayo, na wasimamizi wenyewe waliondoka Desemba 2006.

Kwa hiyo tunasema: kutafuta mpatanishi wa nje kwa ajili ya vita vya ndani kulijuzu, na kwa hali ya Aceh tunaona kulikaribia kuwa wajibu, kwa kuwa kilichozuia damu hakikupatikana kwa njia nyingine, nayo njia nyingine ilijaribiwa kwa karibu miaka 30. Desemba 2006 watu walipiga kura, na Irwandi Yusuf, mtu wa GAM aliyekuwa gerezani tsunami ilipopiga, akawa gavana. Mikataba mingi duniani haikufika hapo.

Deni ambalo mabalozi hawakuwa nalo

Kundi la pili hapa husimama na kushangilia. Nasi tunawaomba wakae kidogo.

Mtume (S.A.W.) amefundisha kuwa suluhu baina ya Waislamu inajuzu, isipokuwa suluhu inayoharamisha halali au kuhalalisha haramu. Na katika haki zilizomo ndani ya vita kuna haki ya mtawala, ambayo anaweza kuiachia, na kuna haki ya mja, ambayo hakuna awezaye kuiachia ila mwenyewe au mrithi wake. Serikali ilipowasamehe wapiganaji wa GAM kosa la kuiasi na kuwafungulia wafungwa wa kisiasa, iliachia haki yake. Hilo linawafikiana na fiqhi. Vilevile vilivyoharibiwa na pande zote mbili katikati ya mapigano: kauli yenye nguvu kwa Mashafi'i ni kwamba havilipwi, ili mlango wa amani usifungwe na madai yasiyokwisha.

Lakini Imam Nawawi hakuishia hapo. Ameeleza kuwa kilichoharibiwa nje ya mapigano kinalipwa. Mwenye kukiharibu awe mwasi au awe wa upande wa mtawala, hukumu ni moja. Msikilizaji azingatie uzito wa neno hilo. Mtu aliyekamatwa nyumbani kwake usiku hakuwa katika mapigano. Mwanamke aliyeteswa Rumoh Geudong hakuwa katika mapigano. Waliopigwa risasi katika njia panda ya Simpang KKA tarehe 3 Mei 1999 walikuwa umati wa raia. Waliouawa katika kijiji cha Jambo Keupok tarehe 17 Mei 2003 walikuwa wanakijiji. Upande wa pili pia, waliouawa na GAM kwa kutuhumiwa kuwa wapelelezi, na Wajava waliofukuzwa katika mashamba yao, hawakuwa katika mapigano. Damu na mali hizi zote zina wenyewe.

Mkataba haukuwasahau kabisa. Uliahidi mahakama ya haki za binadamu na tume ya ukweli na maridhiano. Lakini linganisha. Silaha zilipewa idadi, tarehe, awamu na msimamizi. Damu ilipewa sentensi chache zisizo na tarehe. Sheria ya mwaka 2006 iliyotungwa kutekeleza mkataba ikaifanya mahakama hiyo iangalie ya mbele tu, si ya nyuma. Desemba mwaka huohuo Mahakama ya Katiba ikaifuta sheria ya tume ya taifa, na tume ya Aceh ikabaki bila mguu wa kusimamia. Bunge la Aceh lilitunga kanuni yake mwaka 2013, na makamishna hawakuapishwa mpaka mwaka 2016, miaka 11 baada ya Helsinki. Wasimamizi wa kimataifa walikuwa wameshaondoka kwa miaka 10. Mjane aliyekuwa na miaka 50 siku ya kutiwa saini alikuwa na 61.

Huu ndio ukosoaji wetu, nao hauwahusu Wazungu peke yao. Diplomasia husuluhisha wenye silaha, kwa sababu wao ndio wanaoweza kuvunja mkataba. Asiye na silaha hawezi kuvunja kitu, basi hoja yake husogezwa mbele mpaka mezani pasibaki mtu wa kuisikia. Aliyekuwa kamanda alipata cheo, mradi au shamba. Mwenye kufiwa alipata ahadi.

Kuna waliojibu kuwa wenye kufiwa walilipwa. Ni kweli kwamba serikali ya Aceh iligawa fedha kwa warithi wa waliouawa na kuziita diya. Jina hilo lilitushtua. Diya katika fiqhi ina kiwango, asili yake ngamia 100. Ina mtoaji anayejulikana, anayekiri au kuthibitikiwa. Ina mpokeaji anayeulizwa kama ameridhia. Kilichotolewa kilikuwa kiasi kidogo mno kikilinganishwa na thamani hiyo, kilitoka kwenye mfuko wa umma wa Aceh yenyewe, hakuna aliyekiri lolote, na hakuna aliyeulizwa kama anasamehe. Hiyo ni sadaka, na Mwenyezi Mungu atawalipa waliyoitoa kwa nia njema. Kuiita diya ni kumfanya mwenye kufiwa aonekane amepokea haki yake, kisha akidai aambiwe ni mchokozi wa amani.

Mfano wa diya iliyotolewa na dola tunao, na hauhitaji kutafutwa Ulaya. Mwaka wa 8 wa Hijra, baada ya kufunguliwa Makka, Khalid bin Walid (R.A.) alipelekwa kwa Bani Jadhima kuwalingania. Ikatokea kutoelewana, akaua watu wao na kuwafunga wengine. Habari ilipomfikia Mtume (S.A.W.), aliinua mikono yake akajitakasa mbele ya Mwenyezi Mungu na kitendo alichokifanya Khalid. Kisha akamtuma Ali (R.A.) akiwa na mali. Ali akalipa damu zote na mali zote, mpaka chombo cha kunyweshea mbwa kilichovunjika. Akawauliza kama kimebaki kitu chochote hakijalipwa. Waliposema hakikubaki, akawapa mali iliyosalia kwa tahadhari, pengine kuna haki ambayo hawakuijua wao wala yeye.

Zingatia kuwa Khalid hakuuawa wala hakuvuliwa uongozi wa vita, kwa kuwa alikuwa na taawili. Wanaoogopa kwamba kutafuta haki kutafufua vita wana jibu lao hapa. Lakini mambo matatu yalifanywa hadharani: kosa lilitajwa kuwa ni kosa na jina la aliyelifanya, mjumbe alikwenda mpaka kwa wenye kufiwa, na wao ndio walioulizwa kama haki imetimia. Aliyelipa hakujitangazia mwenyewe kuwa amemaliza kulipa.

Januari 2023 Rais Joko Widodo alikiri kwa niaba ya dola kuwa ukiukaji mkubwa wa haki za binadamu ulitendeka katika matukio 12 ya nchi nzima, matatu yakiwa ya Aceh: Rumoh Geudong, Simpang KKA na Jambo Keupok. Tunalihesabu kuwa jambo la kheri, na ni la ujasiri kuliko walivyofanya waliomtangulia. Tarehe 27 Juni mwaka huo alifika Pidie kuzindua mpango wa kuwalipa waathirika nje ya mahakama, na uzinduzi ulifanyika palepale Rumoh Geudong. Nyumba yenyewe ilikuwa imechomwa na wananchi mwaka 1998, lakini mabaki yalikuwepo. Kabla ya siku ya sherehe, mabaki hayo yalibomolewa ili kupisha bustani ya kumbukumbu, na ndani ya mpango huo umo msikiti. Watetezi wa waathirika walilalamika kuwa ushahidi umefutwa wakati hakuna kesi hata moja iliyosikilizwa.

Tumeulizwa na baadhi ya wanafunzi wetu kuhusu msikiti huo, kama kuna ubaya kuswali mahali pale. Kuswali hakuna ubaya, kwani ardhi yote imejaaliwa kuwa mahali pa kusujudia isipokuwa palipobaguliwa kwa dalili. Swali tunalolirudisha kwao ni jingine: yule mzee wa Pidie ambaye mwanawe aliingizwa katika nyumba ile na hakutoka, akija kuswali Ijumaa akakuta imamu anayesoma fiqhi ileile ya Minhaj, kisha akamuuliza ni nani aliyemuua mwanawe na ni nani aliyemuuliza yeye kama amesamehe, imamu huyo atamjibu nini?

Wallahu aalam.